Kidonda Ndugu Hakiponi kwa Unga wa Kapsuli

“Dokta, bibi nimpake dawa gani kidonda kikauke?” Swali hili naulizwa Handeni, naulizwa Korogwe, na maelezo ni yaleyale: kidonda ndugu kipo mguuni miaka mingi, kinafunga, kinafunguka, sasa kimeanza kunuka. Mngeniuliza kwanza kama bado ni kidonda au kimeshageuka saratani.

Mtaniambia saratani ya ngozi ni ya wazungu na watu wenye ualbino. Ni kweli jua linawaumiza zaidi wenye ualbino. Kwao kofia pana, mikono mirefu na losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi ni lazima. Lakini mzee mweusi aliyejikata panga kwenye mkonge wa Ngombezi, au aliyeungua akichoma mkaa Handeni, hatari yake kubwa iko kwenye kovu na kidonda kisichopona. Daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika kuhusu vidonda vya makovuni mwaka 1828, na saratani inayoota humo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Sasa hiyo kapsuli ya antibayotiki mnayoiita “rangi mbili”. Watu wanafungua kapsuli, wanamwaga unga kidondani, wengine wanaongeza mrututu uliosagwa. Antibayotiki huua bakteria. Haiui seli ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe iliyoharibika baada ya kujigawa miaka na miaka ikijaribu kuziba pengo. Mrututu ni chumvi ya shaba: unaunguza juu, gaga linakauka, familia inafurahi, na chini nyama inaendelea kuota. Mgonjwa akifika, kazi ya kwanza ni kuosha ukoko wa njano uliogandamana pembeni, maana ukingo ndio ninaotaka kuuona. Ukinyanyuka na kuwa mgumu, ukaota vinundu, ukatoka damu kwa kuguswa tu, au mtoki ukavimba kinenani, unga wote wa duka la dawa ni kupoteza miezi. Na miezi hiyo ndiyo inayoamua tutaondoa kidonda au mguu.

Na acheni kusema kukata kinyama cha kipimo kunasambaza saratani. Bila kipimo hicho hatujui tunatibu nini.

Kidonda kikipita miezi mitatu bila kupona, mpelekeni mgonjwa hospitali ya Magunga, Korogwe, au ya Handeni kikapimwe. Doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya ukucha, vivyo hivyo. Saratani ikithibitishwa, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya Bombo, KCMC au Ocean Road. Pesa hakuna? Ulizeni ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa wazee wasiojiweza. Mleteni kidonda kikiwa kimeoshwa kwa maji safi na kufunikwa kitambaa safi, bila unga wowote.