Njia Moja, Treni Mbili: Somo la Reli kwa Kompyuta

Reli ya Kati ya Tanzania hufuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara miwili iliyokutana porini iliweza kupishana, mmoja ukisogea kando. Treni mbili katika njia moja haziwezi. Lazima zipishane stesheni.

Kwa sababu hiyo, reli nyingi duniani zilibuni kipande maalumu cha chuma, kimoja tu kwa kila sehemu ya njia. Dereva asiyekuwa nacho haruhusiwi kuingia.

Tatizo kama hilo limo katika kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu na kazi za kompyuta. Humo, biti moja hutumika kama alama: 0 maana yake njia i wazi, 1 maana yake imeshikwa. Tuseme prosesa mbili zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza inasoma 0. Kabla haijaandika 1, ya pili nayo inasoma 0. Zote mbili zinaingia. Sehemu moja ya kumbukumbu yaweza kugawiwa programu mbili, na kazi ya mmoja ikafutwa na ya mwingine.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Kwa kawaida prosesa haibadili biti peke yake, bali husoma kundi zima, hulibadili, kisha huliandika upya. Kundi likiwa 00000000, prosesa moja huandika 00000001, nyingine 00010000. Inayoandika mwisho hufuta alama ya mwenzake, ingawa kila moja ilishughulikia biti yake.

Dawa ni amri isiyogawanyika: kupima na kuweka kwa tendo moja. Kompyuta za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilikuwa na amri ya namna hiyo. Amri hurudisha thamani ya zamani: aliyepata 0 ameshinda, aliyepata 1 hungoja. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni chombo cha kupangia zamu, akakiita semafori, jina la ishara za reli.

Hata hivyo, kufunga vema hakutoshi. Prosesa za kisasa, ili kuharakisha kazi, huweza kubadili mpangilio wa maandishi yake katika kumbukumbu. Kwa hiyo mbunifu huamuru kwamba biti isirudishwe 0 kabla kazi yote haijaandikwa, kama vile kipande cha chuma kisivyorudishwa kabla behewa la mwisho halijatoka njiani.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani. Aandike sufuri nane ubaoni. Wanafunzi wawili wanakili safu hiyo daftarini, kila mmoja abadili tarakimu moja tofauti, kisha wafute na kuandika safu zao ubaoni kwa zamu. Darasa lihesabu ni 1 ngapi zilizobaki, na lieleze ya pili imepotelea wapi.