Ukungu wa tumboni: Kipimo cha choo pekee hakitoshi

KUONEKANA kwa ukungu katika kipimo cha choo hakumaanishi kwamba ndio unaomharisha mgonjwa. Kandida, ukungu wa kawaida, huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru. Mara nyingi kuharisha huletwa na vimelea vya maji machafu. Hatari ya kandida huanza kinga ya mwili inapoporomoka, hasa kwa anayetibiwa saratani, au anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye seli zake za CD4 zimeshuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu.

Mhudumu wa afya mjini Garsen, Kaunti ya Tana River, akiwa hana kamera ya kuchungulia tumboni, hana budi kuanza na kinywa. Utando mweupe ulimini, pamoja na maumivu kifuani wakati wa kumeza, hutosha kushuku kwamba kandida imefika kwenye umio, na matibabu huanza hapo hapo: flukonazoli miligramu 200 hadi 400 kwa siku, kwa siku 14 hadi 21. Nistatini ya maji, ambayo wengi hukimbilia dukani, hutibu kinywa tu. Mjamzito, mwenye maradhi ya ini au anayemeza rifampisini ya kifua kikuu amweleze daktari mapema.

Wengi hupata nafuu katika wiki ya kwanza. Asiyepata anahitaji kuchunguzwa kwa kamera na kutolewa kipande kidogo cha nyama kipimwe maabarani. Huenda vidonda vikawa vya virusi vingine, au vya histoplasma, ukungu wa udongo wenye kinyesi cha popo na ndege, ambao vidonda vyake utumboni hufanana mno na vya kifua kikuu. Huo hutibiwa kwa itrakonazoli, na ukiwa mkali, kwa amfoterisini B kwanza. Kumrundikia mgonjwa huyu flukonazoli ni kumpotezea wakati.

Uchunguzi huo huweza kumlazimu mgonjwa kusafiri hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Mafuriko ya Mto Tana ya 2023 na 2024 yalikata barabara na kuzihamisha familia nyingi. Flukonazoli humaliza ukungu wa leo, lakini anayekimbia maji akaacha ARV nyumbani huurudisha. Anayehama abebe dawa zake na kadi ya kliniki; kadi hiyo humwezesha mhudumu wa kituo kingine kujua dawa anazotumia na kumwongezea.