Jina la Mfumo Huria
Kuna mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha kompyuta kuendesha programu nyingine, ulio huria na unaoitwa Linux na wengi, ilhali Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 GNU, mradi wa kuunda mfumo endeshi huria, hutaka uitwe GNU/Linux, kwa kuwa Linus Torvalds alianzisha kiini chake tu mwaka 1991. Dai hilo ni la haki. Hata mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotafsiri programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, uliitwa Kilinux, na GNU haikutajwa. Hata hivyo, jina lolote litumike, msomaji wa Nduguti, wilayani Mkalama, ana neno "huria", ambalo, tofauti na "free" la Kiingereza, halichanganyi ubure wa bei na uhuru wa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza programu. Kwa mfano, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni huria kwa jina, lakini si cha bure: hutoza ada.