Kitabu Kidogo Kisidharauliwe

Mara nyingi twasikia wazazi wakinung'unika: «Mwanangu hasomi jambo la maana. Kutwa ameshika kijitabu cha mapenzi au cha wezi na polisi.» Pengine kijitabu hicho hunyang'anywa na kutiwa motoni. Wazazi wapenzi, kabla ya kukichoma, twendeni pamoja hata Nigeria, tuone jinsi hadithi za nchi ile zilivyokua.

Wanigeria wana lugha nyingi za baba zao, lakini waandishi wao wengi wametumia Kiingereza, lugha ya watawala wa zamani. Chungu waliazima, chakula walichopika kilikuwa chao wenyewe.

Kuna kwanza hadithi za mwituni, zenye mizimu na maajabu. Wayoruba walizisimulia tangu kale, na mwaka 1938 mwalimu D. O. Fagunwa alitoa kitabu cha namna hiyo kwa Kiyoruba. Mwaka 1952 Amos Tutuola, tarishi wa ofisi mjini Lagos, aliyesoma shule miaka michache tu, alipigiwa chapa mjini London kitabu cha Kiingereza juu ya mlevi aendaye kumtafuta mgema wake katika mji wa wafu. Wageni walikisifu, wasomi wengi wa kwao waliona haya, wakisema Kiingereza chake kibovu kitaiaibisha nchi. Leo Tutuola ahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Afrika.

Kuna pili riwaya za kijijini. Chinua Achebe alitoa yake mwaka 1958, juu ya kijiji cha Waibo siku zile dini mpya na sheria mpya zilipoingia. Wasomaji wa Kiswahili waijua kwa jina la «Shujaa Okonkwo». Mwaka 1966 Flora Nwapa alionyesha maisha hayo ya kijiji kwa macho ya mwanamke.

Kuna tatu hadithi za mjini, za vijana waliovutwa na taa za Lagos. Bingwa wake alikuwa Cyprian Ekwensi, aliyetoa riwaya ya mji mwaka 1954. Lakini angalieni alianzia wapi: katika miaka ya 1940 aliandika kijitabu cha mapenzi, mojawapo ya vile vilivyofungua njia ya vitabu vya sokoni.

Soko tunalolitaja ni la Onitsha, kando ya mto Niger. Baada ya vita vya pili vya dunia, wenye mashine ndogo za kupiga chapa walitoa huko vitabu vyembamba vya bei nafuu. Walioviandika walikuwa walimu, wanafunzi, makarani na wachuuzi. Walionunua walikuwa watu kama wao. Vilifundisha kuandika barua ya mapenzi, vilionya juu ya ulevi na upotevu wa mali, vilibishana kama baba aweza kumwoza binti kwa mtu asiyempenda. Mchezo wa Ogali A. Ogali juu ya jambo hilo, «Veronica My Daughter», wa mwaka 1956, uliuzwa kwa maelfu mengi. Hata habari za Kongo yetu zilifika huko: Patrice Lumumba alipouawa Katanga mwezi wa Januari 1961, waandishi wa Onitsha walitunga vitabu na michezo juu ya mateso yake.

Halafu vikaja vita vya Biafra, 1967 hadi 1970. Soko la Onitsha liliteketea, na mashine pamoja nalo. Vijitabu vingi vilipotea kabisa, kwani nani alifikiri kuhifadhi kitabu cha senti chache? Vilivyosalia vyatunzwa sasa katika maktaba za vyuo vikuu, vingine mbali huko Marekani. Mtu wa Onitsha atakaye kusoma kilichomchekesha babu yake huenda akalazimika kuvuka bahari.

Vita hivyo navyo vilizaa hadithi za namna yake. Buchi Emecheta aliandika juu yake mwaka 1982. Chimamanda Ngozi Adichie, aliyezaliwa mwaka 1977, vita vimekwisha, alitoa riwaya yake mwaka 2006. Hakuviona vita; alisimuliwa nyumbani.

Hatusemi kila kitabu ni chema. Viko vya upuuzi, na mzazi ana haki ya kuchagua. Lakini tusihukumu kitabu kwa wembamba wake, wala mwandishi kwa uchache wa masomo yake. Jioni, mwambieni mtoto awasomee ukurasa mmoja, nanyi mmwulize kwa nini ampenda mtu yule na kumchukia huyu. Kisha msimulieni nanyi yale mliyoyapata. Huenda ndiye atakayeyaandika kesho.