Maodijo Wakihepa Daro

Julai ikifika, Nai inageuka friji. Mabeshte wangu wa Umoja wanaposti picha na jaketi mbilimbili, mathe naye ananipigia kuuliza kama nilibeba ile blanketi nzito. Namsho, "Mathe, huku Kakuma blanketi ni ya kukalia." Saa nne ya asubuhi chaki inateleza juu ya jasho, mabati ya daro yanalia yakitanuka, watoi mia na ushee wako ndani, na hakuna mtu amesema ni moto. Kwa hivyo wikendi ya msimu wa baridi, kwetu, ni kusaka maji.

Wacha nikupe rada ya mbogi kwanza. Hesabu iko kwa Mcongo wa Uvira, buda mmoja mrefu, shati limepigwa pasi hata kukiwa na dhoruba ya vumbi. Sayansi ni Mtoposa wa Kapoeta, Sudan Kusini. Kizungu ni Mganda mwenye mdomo. Sosho ni madam Mrundi, na huyo ndio mdosi wetu wa ukweli, hata kama cheo hana. Kiswahili ni mimi, mtoi wa Eastlands. Unaweza sema mimi ndio mwenyeji hapo, lakini jaribu kuambia Mturkana hivyo. Hapa mtu akivuka Kainuk akielekea Kitale, wanasema ameenda Kenya. Mimi ni wa kutoka Kenya. Basi sote ni wa kuja, ni vile tu tumekuja na karatasi tofauti.

Na karatasi ndio mwanzo wa hii stori. Mtu wa Nai akiamua kuhepa wikendi anabeba chaja na kaptura. Wenzangu wanaanza na pasi. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, na mpaka leo mkimbizi akitaka kutoka, hata kama ni Lodwar tu hapo kilomita 120 hivi, lazima awe na kibali kimeandikwa anaenda wapi, kufanya nini, na anarudi lini. Huwezi andika "kuogelea." Ni kweli kuna sheria mpya ya wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika wa kugeuza kambi ziwe mitaa ya kawaida, mtu aishi na afanye kazi. Tunangoja. Saa hii, pasi bado ni pasi.

Bahati ikaangukia semina ya walimu Lodwar, siku ya Ijumaa. Pasi zikatoka mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni. Madam ndio aliomba iandikwe Turkana ya Kati, asikubali Lodwar pekee. Sikushika kwa nini mpaka aliponyoosha ramani kwa simu: Kalokol iko ndani, Eliye iko ndani. Huyo mama angekuwa wakili tungekuwa matajiri.

Lami ya Kakuma kwenda Lodwar siku hizi imenyooka, moti inateleza mathenge zikikupita kando. Wasee wa kitambo wanakusho hiyo safari ilikuwa inakula nusu siku na mgongo wako wote. Lodwar yenyewe nitaipita mbio, semina ilikuwa semina. Jioni tulimanga mbuzi wa kuchoma karibu na mto Turkwel, chumvi na pilipili tu, upepo unapuliza kama umetoka jikoni. Serikali ya mkoloni ilimweka Jomo Kenyatta hapa tangu 1959, baada ya kumtoa jela ya Lokitaung, na nyumba aliyokaa bado iko. Mganda akauliza Mzee alipata pasi aje. Jibu ni kwamba alihamishwa Maralal 1961, na hakuombwa maoni.

Jumamosi mangware tukachukua probox ya kukodi kuelekea Kalokol. Njiani kuna mawe ya Namoratunga, na hapo nataka tusimame kidogo, kwa sababu wengi wanapitanga tu vuu. Ni nguzo za mawe meusi kama kumi na tisa, zimesimama pamoja jangwani, zingine zimeinama vibaya sana, na juu yao wapita njia wameweka vijiwe. Stori ya wenyeji ni kuwa hao walikuwa watu wakidansi, wakacheka mtu hawakufaa kumcheka, wakageuka mawe. Watafiti nao wanaamini ziliwekwa na wafugaji wa zamani, maelfu ya miaka iliyopita. Lothagam, upande huohuo wa ziwa Turkana, kuna nguzo za aina hiyo, na ripoti iliyotoka 2018 ilisema chini yake wamezikwa watu wasiopungua 580. Mcongo, mtu wa hesabu, alizunguka akihesabu nguzo mara mbili, kisha akachukua kajiwe akakaweka juu ya moja, taratibu, akijifanya hatumuoni.

Hapo kando ya barabara kulikuwa na mzee anauza ekicholong, kale kastuli ka Kiturkana unakobeba kwa kidole, ka kukalia mchana na kulalia usiku. Kamechongwa kwa kipande kimoja cha mti, miguu miwili, kamkanda ka ngozi ka kushikia, na hapo kichwa kinapokaa kamelainika na mafuta. Nikauliza bei kwa Kiswahili changu cha kufunza. Thao. Nikasema punch. Mzee akaangalia mbali, kikao kimeisha.

Mtoposa akashuka kwa gari polepole. "Ejok, apa." Mzee akageuka mzima mzima. Sasa, Kitoposa na Kiturkana ni ndugu wa karibu sana, ni kundi moja na Wakarimojong wa Uganda na Wajie. Hao wawili walibonga mvua, wakabonga mbuzi, wakabonga mahali nyasi imebaki, mimi nimesimama hapo na ID yangu ya Kenya mfukoni nikitabasamu bila kuelewa kitu. Ekicholong ilishuka mpaka punch, na maji ya kunywa tukapewa juu. Msee mwenye anahitaji kibali kufika hapo ndio alikuwa nyumbani kuliko sisi wote.

Kalokol ni samaki. Harufu inakugotea kabla mtu hajakugotea. Pale kuna kiwanda cha samaki ambacho Wanorway walikijenga mwanzo wa miaka ya themanini. Kwa karatasi ilikuwa fomu kali: Waturkana wavue, samaki wagandishwe, soko lichanuke. Shida ni kugandisha samaki kwenye hili joto kulitaka stima na maji safi ya gharama kushinda samaki wenyewe, na miaka si mingi baadaye ghuba ya Ferguson ikakauka. Halafu 1990 Kenya ikakosana na Norway, uhusiano ukakatwa, misaada ikaishia. Cheki sasa akina mama: samaki wanapasuliwa mgongo, chumvi, jua, basi. Jua la bure ndilo limeshinda mashine.

Na hao samaki wanasafiri kuliko sisi. Wanapakiwa kwa malori, wanapita Kitale, wengine wanavuka mipaka mpaka Congo. Mcongo wetu alipoona mafungu yamepangwa alishika kichwa. "Makayabu! Munakuwa na makayabu huku, na mimi ninakula maharagwe miaka yote hii?" Alinunua gunia. Si mfuko, gunia. Tulipinga, tukashindwa.

Eliye tulifika jua likishuka. Mikoma imesimama mchangani, na chini yake chemchemi za maji matamu zinachuruzika kwenda kwa ziwa ambalo lenyewe lina magadi, unaogelea ukitoka ngozi inateleza. Karibu asilimia 90 ya maji ya hili ziwa yanatoka mto Omo, Ethiopia, kwa hivyo hata ziwa ni la kuja. Vijana wa pale wakatuonyesha mahali pa kuingia, kwa sababu mamba wako, hiyo si stori ya jaba. Mcongo amekulia kando ya ziwa Tanganyika, alipiga mbizi akatokea mbali mpaka Madam akaanza kuomba. Mtoposa alibaki na maji ya magoti, mikono nyuma, anakagua ziwa bila haraka yoyote.

Usiku ndio ile stori tunakwepanga stafurumu ilitoka. Doo. Mkenya na mkimbizi wanafunza mtaala mmoja, mtihani mmoja, vumbi moja. Lakini mkimbizi kupata kibali cha kazi ni ngori, kwa hivyo mashirika humlipa kitu inaitwa insentivu, na hiyo insentivu iko chini ya mshahara wangu mbali sana. Mcongo ako na digrii, mimi nina diploma. Kila mtu hapo anajua hiyo hesabu na hakuna mtu huiandika ubaoni. Mganda ndio aliitupa katikati, akitafuna mfupa: "Kwa hivyo hii mbuzi tunagawa aje?"

Ningependa kusema niliruka kujitolea. Nilinyamaza kidogo, niliangalia moto. Madam akatoa daftari yake, akasema haki haimaanishi sawasawa, mwenye payisilipi atalipa mafungu matatu, wengine moja moja, na kama kuna mwenye shida aongee saa hiyo ama anyamaze mpaka Kakuma. Hakuna aliyeongea. Ukinisikia vizuri, bado naona mawili yangetosha, lakini si mimi niko na daftari.

Mtoposa akatuvusha na darasa lake la kawaida. Juu kaskazini, ufuo huuhuu wa magharibi, pale Nariokotome, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu 1984, na wakachimbua karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Mvulana wa Turkana. Mganda akatulia, akatafakari. "Na huyo alikuwa na pasi ya kufika wapi?"

Jumapili mchanga ulitushika. Probox ilizama mpaka mlango, tukakata makuti makavu ya mikoma tukaweka chini ya tairi, watoi wa kijiji wakasukuma wakiimba, dere akilaani gunia la samaki kuwa ndilo zito. Saa nane. Saa tisa. Madam hakusema kitu, alikuwa tu anaangalia saa. Mimi nilikuwa nawaza Jumatatu, daftari za kusahihisha. Wao walikuwa wanawaza saa kumi na mbili. Nilijua hivyo kwa sababu hakuna aliyepiga picha tena.

Kwa kizuizi, karao alikuwa kijana wa Nai kama mimi. "Uko fiti?" Niko fiti. ID yangu hakuitaka. Madam alikuwa ameshatoa pasi zote nne, kila moja kwa mfuko wake wa plastiki, amezipanga vile watu wamekaa. Karao akazisoma mstari kwa mstari, tarehe, muhuri, sura, akiinama dirishani. Ile harufu ya makayabu ikampata hapo. Akarudisha karatasi haraka, akatupungia twende.

Hesabu iliingia kwa kundi letu la WhatsApp kabla sijavua viatu. Petroli, mbuzi, chumba, soda za watoi waliosukuma. Mcongo ametozwa kiti kimoja zaidi, cha gunia. Amekata rufaa, amepewa mpaka Ijumaa alete ushahidi. Sisi wengine tumeshahamia Agosti, shule zikifungwa na pasi zikikubali: Central Island, ile iko na maziwa matatu ndani ya mashimo ya volkano, na moja wapo ni la mamba. Mganda amesema hapandi boti yenye injini moja. Mcongo amesema yeye atapiga kasia, kwa hivyo alipe nusu.