Mbegu Zinazosubiri Plau

Mvua za kwanza zikishanyesha Bariadi, ng'ombe hufungwa nira na mashamba ya pamba hulimwa. Siku chache baadaye shamba hujaa kijani ambacho hakuna aliyekipanda: kishona nguo, mchicha pori, nyasi za kila namna. Tumezoea kusema ni mvua. Lakini ardhi ya jirani ambayo plau haikuigusa imepata mvua ileile, na mara nyingi miche mipya huko ni michache. Kilichoongezeka kwenye shamba lililogeuzwa ni mwanga.

Mbegu ya pamba au ya mahindi ina akiba ya chakula ya kusukuma chipukizi kutoka sentimita kadhaa chini, hivyo giza haliizuii kuota. Mbegu ndogo ya gugu haina akiba hiyo. Ikiota chini sana hufa kabla ya kufika juu. Kwa hiyo nyingi hulala, pengine kwa miaka mingi, mpaka zipate ishara kwamba ziko karibu na uso wa ardhi. Mwanga hupenya udongo kwa milimita chache tu, na kwa aina kadhaa za magugu hata mmweko mfupi, wakati bonge la udongo linapopinduliwa, hutosha kuziamsha.

Mwaka 1952 watafiti Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao huko Beltsville, Marekani, walimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu, nazo zikaota. Walipofuatisha wekundu wa mbali, ule ulio ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho letu, zikakataa. Wakabadilisha mianga hiyo kwa zamu mara nyingi, na kila mara ule wa mwisho ndio ulioamua. Ndani ya mbegu kuna protini yenye rangi, baadaye ikaitwa fitokromu, inayogeuka kutoka umbo moja hadi jingine kwa mianga hiyo miwili.

Hapo ndipo majani yanapoingia. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia ule wa mbali upite. Mbegu iliyo chini ya kivuli cha mimea hupokea habari kwamba juu kuna wenyeji, nayo hungoja. Pamba ikishafunga mistari, yenyewe inasaidia palizi. Kazi ngumu ni majuma ya kabla ya hapo. Ujerumani wamejaribu hata kulima usiku: mara nyingine magugu yalipungua sana, mara nyingine kidogo tu. Sidhani mkulima wa Bariadi apeleke ng'ombe shambani gizani, ila naamini palizi ya juujuu inafaa zaidi, kwa sababu jembe likizama sana huleta juu mbegu nyingine zilizolala.

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi, lina njia yake ya kujua wakati wa kuota. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hazingoji mwanga bali kemikali zinazotoka kwenye mizizi. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walitenga mojawapo ya kemikali hizo, strigoli, kutoka mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuunyonya. Mbegu ya kiduha iliyoamshwa na pamba haipati mwenyeji, na hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana kupokezana pamba na mtama shambani hupunguza akiba ya kiduha udongoni.