Maziwa na Safari ya Wafugaji

Wilayani Kilosa, watu wazima wawili wanaweza kunywa maziwa mabichi ya kibuyu kimoja, mmoja akaenda zake salama, mwenzake tumbo likamsokota. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, lakini kwa binadamu wengi hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wengine hubaki nacho hadi uzeeni, na hao wamebeba historia ndefu.

Mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff wa Marekani na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, waliitafuta historia hiyo katika Tanzania, Kenya na Sudan. Waliojitolea walinywa gramu 50 za sukari ya maziwa iliyokorogwa kwenye maji, kisha wakachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kuona kama sukari inapanda kwenye damu. Vinasaba vya watu 470 vilichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007.

Kumbe badiliko la kinasaba linalowabakizia kimeng'enya wafugaji wengi wa huku si lile la Wazungu. Lilizuka lenyewe.

Umri wake hukadiriwa hivi: kila kizazi, kromosomu hukatika na kuungwa upya, kwa hiyo kipande kilichozunguka badiliko huzidi kufupika. Kikikutwa kirefu na kinafanana kwa watu wengi, hakijakaa muda mrefu, nacho kimeenea upesi. Hiki kilivuka herufi milioni 2 za vinasaba. Watafiti walikadiria miaka 2,700 hadi 6,800.

Mifupa ya kale nayo inasimulia safari ya wafugaji wenyewe. Mtu wa jamii ya wafugaji aliyezikwa Luxmanda, Manyara, yapata miaka 3,100 iliyopita, alikuwa na zaidi ya theluthi ya asili inayofanana na ya wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Iliyobaki inafanana na ya wawindaji wa kale wa Ethiopia. Basi hata wafugaji wa mwanzo walikuwa wamechanganyika.

Kwa Kilosa swali la nani alitoka wapi ni zito. Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni, na neno "wageni" bado linauma. Vinasaba havigawi ardhi, na asiwepo wa kuvitumia hivyo. Vinachoonyesha ni tabaka juu ya tabaka: uchunguzi wa mwaka 2019 wa mabaki ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania ulikuta kwamba baada ya wafugaji wa kwanza walifika wengine wenye asili ya upande wa Sudan, na wakulima wa Kibantu nao, wakazidi kuchanganyika.